Anza na Magoti, Kisha Chumba: Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Kadio ya Nyumbani

Ndugu na marafiki wanaojua kwamba nimekaa na mashine za kadio, yaani za mazoezi ya moyo na pumzi, nyumbani kwa miaka mingi huniuliza swali lilelile: ninunue ipi? Wengi huja wakiwa wameshaangalia picha, wamelinganisha ukubwa wa skrini na kuhesabu programu zilizomo ndani. Mimi huwauliza kwanza habari za magoti, nyonga na kiuno. Kisha nauliza mashine itakaa wapi, tena nataka nitajiwe pembe ya chumba. Tukimaliza hayo mawili, mashine nyingi huwa zimeshajiondoa zenyewe, na mara nyingi inayobaki siyo ile aliyokuwa ameitamani.

Naanza na viungo kwa sababu moyo hauchagui mashine. Utembee, upige pedali au uvute makasia, moyo unachokijua ni kwamba misuli inadai oksijeni, basi usukume damu kwa kasi zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kiwango cha chini cha wastani ni nusu saa kwa siku tano. Hebu fikiria nusu saa hiyo, wiki baada ya wiki, juu ya mashine inayokuuma goti. Hutafika mbali, hata uwe na nia ya chuma.

Mashine ya kukimbilia ndiyo inayomjia kila mtu akilini kwanza, nami sina ugomvi nayo. Kama umezoea kutembea au kukimbia na magoti yako ni mazima, itakufaa sana. Hakuna la kujifunza, na kwa kuwa unaubeba uzito wako mwenyewe kila hatua, mifupa nayo inapata zoezi ambalo baiskeli haiwezi kuipa. Ila ndiyo mashine yenye madai mengi kuliko zote, na watu huyagundua ikiwa tayari imeshafika sebuleni.

Angalia mota kabla ya kitu kingine. Matangazo mengi huandika nguvu ya juu kabisa, yaani ile ambayo mota inaifikia kwa muda mfupi. Wewe uliza nguvu yake ya kuendelea, ile inayoweza kuihimili kwa saa nzima. Kwa matembezi, nguvu ya farasi 2 ya kuendelea hivi inatosha. Kwa mbio, tafuta 2.5 hadi 3 au zaidi, hasa kama mkimbiaji ana mwili mkubwa. Mota dogo linalolazimishwa kubeba mbio hupata joto, na joto ndilo linaloliua.

Halafu mkanda. Mtembeaji anaweza kuridhika na upana wa sentimita 40 au 45, lakini mkimbiaji anahitaji 50, na urefu usiopungua sentimita 140. Mtu mrefu atafute 150 na kuendelea. Usiuone upana huu kama anasa. Mkanda ukiwa mwembamba, mguu unaogopa ukingo, hatua inafupika, mabega yanakaza, na baada ya majuma machache nyonga zinalalamika bila mwenyewe kujua kwa nini. Chini ya mkanda huo huwa panapakwa mafuta ya silikoni kila baada ya muda uliotajwa kwenye kitabu cha maelekezo. Ukisahau, mkanda unasuguana na ubao, na mota linalipa.

Kuhusu usalama sitapunguza maneno. Acha kama mita mbili tupu nyuma ya mashine na nusu mita kila upande. Anayeteleza husukumwa nyuma, na kama nyuma kuna ukuta, anabanwa kati ya ukuta na mkanda unaoendelea kuzunguka. Ule ufunguo wa usalama wenye kamba ubanwe kwenye nguo kila mara, hata kama unatembea polepole. Kwenye nyumba yenye watoto, ukimaliza mazoezi uchomoe na kuuweka mahali wasipofika, kwa sababu mkanda unaozunguka unaweza kumchuna mtoto ngozi ya vidole kwa sekunde.

Faida moja ya mashine hii naona haitumiki vya kutosha, nayo ni mwinuko. Kutembea kilomita 5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 5 au 6 kunapandisha mapigo ya moyo ya watu wengi kama mbio nyepesi, bila vishindo vya mbio. Sharti ni moja: usining'inie kwenye vishikio. Ukiegemea mikono, sehemu ya uzito wako inabebwa na mashine, na kilima chote kinapoteza maana. Na kama unaishi ghorofani, kumbuka kwamba mpangaji wa chini anasikia kila hatua ya mbio. Zulia nene la raba hupunguza, haliondoi.

Kuna vile vikanda vyembamba visivyo na vishikio, vya kusukumwa chini ya kitanda. Kwa matembezi ya taratibu vinafaa. Kwa mtu mwenye shida ya mizani ya mwili, hapana.

Sasa nije kwenye mashine ninayoipendekeza kwa wengi zaidi: baiskeli ya mazoezi. Haikiponzi kiungo kwa vishindo, haili nafasi, kelele zake ni kidogo, na mtu aliyechoka na siku yake anaweza kuipanda bila kujiandaa sana. Kwa aliyeongezeka uzito na anayeanza, au mwenye magoti yaliyochakaa, naiweka mbele ya zote. Inakuja kwa maumbo matatu. Ipo ya wima ya kawaida. Ipo ya kuegemea yenye kiti kipana na mgongo, ambayo huwafaa wazee na wenye maumivu ya kiuno. Na ipo ya kasi yenye gurudumu zito la chuma mbele, inayokuinamisha kama mwendesha baiskeli wa mashindano.

Watu wengi wanaoniambia baiskeli imewaumiza goti, ukitazama vizuri utakuta kiti chao kiko chini mno. Mama yangu mdogo aliacha kabisa kuipanda kwa sababu ya maumivu ya mbele ya goti. Tulipopandisha kiti kwa upana wa vidole vitatu, aliendelea nayo na bado anaipanda. Kipimo ni rahisi. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, kati ya nyuzi 25 na 35. Ukiona unayumbisha nyonga kulia na kushoto ili kuifikia pedali, umepandisha mno. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanasema kiti kiko chini, na ya nyuma ya goti yanasema kiko juu. Kisha peleka kiti mbele au nyuma mpaka, pedali zikiwa zimelala usawa, goti la mbele liwe juu ya mhimili wa pedali.

Kwa hiyo usinunue baiskeli ambayo kiti chake kinapanda na kushuka tu. Kiwe pia kinakwenda mbele na nyuma, na ikiwezekana vishikio navyo. Nyumba yenye mke, mume na kijana anayeongezeka urefu haiwezi kushirikiana baiskeli isiyorekebishika.

Makalio yatauma majuma ya mwanzo, hiyo ni kawaida na hupita. Ganzi si kawaida. Ukipata ganzi, shusha pua ya kiti kidogo au badilisha kiti chenyewe, maana viti vingi hufunguka kwa spana moja.

Jambo la pili kwenye baiskeli ni namna ugumu unavyotengenezwa. Nyingine zina pedi inayokandamiza gurudumu, nyingine zina sumaku isiyoligusa kabisa. Pedi huisha, hutoa vumbi na hupiga kelele ikianza kuisha. Sumaku haichakai kwa kusuguana. Kama mfuko unaruhusu, chukua ya sumaku. Na kama ni ile ya kasi, fahamu kwamba kwenye nyingi gurudumu halisimami unapoacha kupiga pedali. Linaendelea kuzunguka na miguu yako. Kila anayeipanda aoneshwe kwanza kitufe cha breki, na mtoto asiruhusiwe kuisogelea inapozunguka.

Mashine ya kupiga makasia naipenda kuliko zote kwa mwili wangu mwenyewe, ila siipendekezi kwa haraka. Inafanyisha kazi miguu, mgongo na mikono kwa pamoja, na dakika ishirini zake ni kazi kamili. Lakini inadai ufundi. Wakati wa kuvuta, miguu inasukuma kwanza, kisha mgongo unaegemea nyuma, mwisho mikono inavuta mpini hadi chini ya kifua. Wakati wa kurudi ni kinyume: mikono, mgongo, miguu. Nguvu kubwa hutoka miguuni. Anayeanza kwa kuvuta na mgongo uliopinda ataumia kiuno, kwa hiyo mwenye historia ya matatizo ya uti wa mgongo aonane kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Zipo za upepo, za maji, za sumaku na za pistoni. Kwenye za upepo na maji, kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo zinavyokukazia, na ndiyo maana wapigaji makasia wa kweli hufanya mazoezi kwa zile za upepo. Zinavuma, lakini. Za upepo huwa na wenzo wa namba 1 hadi 10, na wageni huupeleka 10 wakidhani ndipo zoezi lilipo. Wenzo huo ni kama kubadilisha mtumbwi mwepesi kwa mzito: unaamua jinsi kila mvuto unavyohisi, na juhudi inabaki kuwa yako. Kwa wengi, kati ya 3 na 5 inatosha kabisa. Pima sakafu pia, kwa sababu nyingi zina urefu wa karibu mita mbili na nusu zikiwa wazi.

Mashine ya eliptiko, ile ya kukanyaga pedali kubwa huku mikono ikisukuma na kuvuta, ni rafiki wa magoti kwa kuwa nyayo haziondoki kwenye pedali. Tazama mambo mawili tu. Urefu wa hatua uwe kama sentimita 45 hadi 50 kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, maana zenye hatua fupi zinakufanya upande na kushuka badala ya kwenda mbele. Na dari: pedali zinakuinua juu ya sakafu, kwa hiyo ongeza walau sentimita 40 juu ya urefu wako kabla hujailipia.

Namba za skrini zisikuuzie mashine. Kalori ni makadirio, na mashine nyingi hazijui hata uzito wako. Vishikio vya kupima mapigo ya moyo hubabaika mikono ikitoa jasho, na mkanda wa kifuani husoma vizuri zaidi. Kanuni ya 220 ukitoa umri ni wastani tu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo zaidi ya kumi, na anayemeza dawa zinazopunguza kasi ya moyo asiitegemee hata kidogo. Mimi hutumia pumzi: nikiweza kuongea sentensi nzima lakini siwezi kuimba, niko kwenye wastani. Maneno yakianza kukatika, nimeingia kwenye makali.

Kabla ya kulipa, tafuta mahali penye mashine ya aina hiyo na uipande dakika ishirini kamili ukiwa na viatu vyako. Dakika mbili za dukani hazisemi chochote, kwani kiungo kinachoenda kulalamika huanza baada ya kumi. Soma uzito wa juu unaoruhusiwa na uchague uliozidi wako kwa kilo 15 au 20, ili fremu isiyumbe. Uliza kama spea zinapatikana: mkanda, pedali, pedi. Ikiwa ni ya mtumba, iache ifanye kazi robo saa nzima, usikilize beringi, uangalie kingo za mkanda kama zimechanika, na unuse karibu na mota.

Uamuzi wa mahali pa kuiweka una uzito kama wa mashine yenyewe. Iwe wazi, imekunjuliwa, mahali penye mwanga na hewa, karibu na feni au dirisha. Mashine inayolazimu uhamishe viti vitatu kabla ya kuipanda haitapandwa. Kama chumba hakina nafasi ya kuiacha wazi siku zote, nunua ndogo zaidi.

Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari, presha isiyotulia, au aliyewahi kuzimia au kubanwa na kifua akijitahidi, aanze kwa daktari. Na kifua kikibana ukiwa juu ya mashine, shuka na utafute msaada mara moja.

Ikishafika nyumbani, anza na dakika kumi au kumi na tano na uongeze kidogo kila juma. Baada ya majuma mawili au matatu pitia nati na bolti zote kwa spana, maana mashine mpya hulegea inapozoea kazi. Na uifute jasho kila unaposhuka, hasa kwenye fremu na chini ya vishikio, kwa sababu chumvi yake hutafuna chuma kuanzia kwenye nati ambazo huzioni.