Swali la lugha: fuwele "zinafyonza" au "zinanasa" hewa ukaa?

Swali: Naandika makala kuhusu "nyuzi nyumbufu zenye fuwele zinazonasa hewa ukaa" kutoka kwenye moshi wa viwandani. Mhariri amefuta "zinazonasa" akaweka "zinazofyonza". Yupi yuko sahihi?

Jibu: Rudisha "zinazonasa".

Fuwele unazozitaja ni zile zilizowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2025. Hujengwa kwa metali iliyounganishwa na molekuli za kikaboni, na ndani huwa na vitundu vidogo mno, vingi kiasi kwamba kuta za ndani za gramu moja tu zinaweza kuzidi mita za mraba 1,000. Hewa ukaa huingia vitunduni na kushikwa kwenye kuta hizo. Huko ni kunasa. Kufyonza ni kuvuta kimiminika: nyuki hufyonza nekta, mzizi hufyonza maji. Ukiandika kuhusu mbinu ya zamani, ya kupitisha moshi kwenye myeyusho wa amini (kemikali inayoungana na hewa ukaa) ili gesi ichanganyike nao, hapo sitagombana na "kufyonza".

Kuna sababu nyingine, nami naipenda zaidi. Fuwele ikishajaa hupashwa moto au hupunguziwa shinikizo, gesi ikatoka, kisha fuwele ikatumika tena. Kiswahili kina kitenzi chake tayari: nasa, nasua. Mtego hunasa, mwenye mtego hunasua. Kufyonza hakuna jozi ya namna hiyo, kwa hiyo mhariri wako atalazimika kuzunguka kwa maneno mengi atakapofika kwenye hatua hiyo, na ndiyo hatua inayoamua gharama ya kazi yote.

Lakini sentensi yako ina utata. "Nyuzi" na "fuwele" zote huchukua "zi-", hivyo msomaji hajui kinachonasa ni kipi. Zinazonasa ni fuwele. Zikibaki unga hupeperuka au kuziba njia ya moshi, ndiyo maana huoteshwa juu ya nyuzi. Andika: "fuwele zinanasa hewa ukaa, nyuzi zinazibeba."

Na "nyumbufu" liondoe. Hilo ni la mpira, unaovutika ukarudi ulivyokuwa. Sifa unayoisema wewe ni ya kitambaa kukunjwa bila kukatika, basi sema "nyuzi zinazokunjika".