Kope limeshuka ghafla: angalieni na mboni

Pole sana mkuu kwa bi mkubwa. Umesema kope la kushoto limelala ghafla, kichwa kinamuuma upande huohuo, ukilinyanyua anaona vitu viwili viwili, na amepewa dawa ya matone arudi baada ya wiki mbili, eti ni kisukari. Mimi yalinipata hayohayo, na kwangu ilikuwa aneurizimu: ukuta wa mshipa wa damu kichwani ulituna kama puto ukaikandamiza neva ya tatu, ile inayoendesha kope na sehemu kubwa ya misuli ya jicho.

Kisukari nacho huleta hali hii, sibishi. Ila hujasema mboni ikoje. Mkalishe penye mwanga, ulinganishe macho yote mawili. Yangu ilikuwa imetanuka, ukiimulika tochi haishtuki, na jicho limekwenda pembeni kwa nje na chini. Nyuzi zinazobana mboni hupita juujuu ya neva, kwa hiyo kinachoibana kutoka nje huzikuta mapema. Kisukari mara nyingi hudhuru ndani ya neva na mboni ikabaki salama. Lakini hata ikiwa sawa msilale, siku za mwanzo hudanganya.

Mpelekeni leo hospitali yenye CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, muombe kipimo cha mishipa ya kichwa, kile cha kuchomwa dawa mkononi. CT ya kawaida inaweza kuukosa uvimbe ambao haujapasuka. Akipatwa na maumivu makali ya ghafla ya kichwa, kutapika au shingo kukaza, huenda umepasuka. Hapo msingoje kukuche.

Mimi walipitisha mrija kwenye mshipa wa kinena hadi kichwani, wakaujaza uvimbe koili za platinamu, yaani nyaya nyembamba zilizojiviringisha. Wengine hufunguliwa fuvu, uvimbe ukabanwa klipu. Hilo madaktari huamua kwa umbo lake na mahali ulipo.

Jicho halifunguki siku hiyohiyo. Langu lilichukua miezi, na cha ajabu kope lilipoanza kupanda ndipo kero ilipozidi: kwenye ngazi naona vidato viwili, sijui nikanyage kipi, ikabidi nilifunike jicho hilo. Hadi leo nikitazama chini kope linapanda lenyewe, kwa sababu neva ilipoota upya nyuzi nyingine zilikwenda kwenye misuli isiyo yake.

Ukishaiona mboni tuambie, ila uandike mkiwa njiani.