Unene wa mshale wa masafa

Umeuliza kama ufito, yaani kijiti cha mshale, uwe na unene mmoja toka ncha hadi ncha. Hapana ndugu, usiwe hivyo. Mshale wa masafa marefu huachwa mnene katikati, kisha hupunguzwa kuelekea chembe (kichwa cha mshale) na kuelekea mkato wa upote (kamba ya upinde). Mishale ya masafa ya Waturuki wa enzi ya Osmani ilichongwa hivyo. Ncha zikiwa nyepesi na katikati hujapagusa, ugumu haupotei sana na mshale hutulia upesi ukishaachiwa.

Kupima ugumu: laza ufito juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 66, ning'iniza gramu 907 katikati. Ukishuka milimita 13, huo ni wa upinde unaovutwa kwa nguvu ya ratili 50 hivi. Mshale mfupi? Sogeza vigingi, lakini ulinganishe mishale yako yenyewe tu, maana nafasi ikipungua nusu, mshuko hubaki sehemu moja ya 8.

Ila kwanza nyuzi za mti wenyewe! Mbao ya saiprasi ya soko la Gikomba, Nairobi, inafaa iwapo nyuzi zimekwenda sambamba toka ncha hadi ncha. Zikikatiza pembeni, tupa. Ufito kama huo hupasuka unapoachiwa, na kibanzi huingia kwenye mkono ulioshika upinde.