Kushuka kutoka 450 hadi 300: kwanza uliza kuhusu mfuko na ngozi

Dada, umeuliza kama kubadilisha silikoni (vipandikizi vya matiti) za mililita 450 kwa za 300 kutakuacha na matiti yaliyolegea. Kunaweza, ila namba peke yake haiamui. Kinachoamua zaidi ni ngozi yako na mfuko uliomo ndani.

Mwili ulishajenga utando wa kovu kuzunguka kipandikizi, na mfuko huo una nafasi ya kile kikubwa. Ukitiwa kipandikizi kidogo bila mfuko kubanwa, kinaweza kuhama kwenda chini au kukimbilia kwapani ukilala chali. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: ataushona mfuko uwe mdogo? Na ngozi iliyovutika, itabidi ipunguzwe na titi liinuliwe? Kuinua huacha kovu kuzunguka chuchu, mara nyingi na mstari wa kushuka chini yake. Ujue hilo kabla hujasaini.

Mwambie pia akupime upana wa titi kwa sentimita. Vipandikizi viwili vya mililita 300 vinaweza kupishana upana na urefu wa kutokeza mbele. Mpelekee kadi yenye maelezo ya vipandikizi vyako vya zamani kama unayo.

Mililita 30 pungufu huenda usizione kabisa. Hizo 150 utaziona, na mabega yatazisikia, maana ni takriban gramu 150 kila upande. Kutaka vidogo ni uamuzi halali kabisa, usikubali mtu akushawishi vinginevyo. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla. Moshi hupunguza damu inayofika kwenye chuchu na kidonda huchelewa kupona.