Ule ukungu ni nyota zenyewe

Ndugu, umeuliza kama ule ukungu hafifu kwenye picha ya kundi la galaksi la Perseus ni gesi au kasoro ya kamera. Ni nyota, ila kwa umbali wa miaka-nuru milioni 240 hivi huwezi kuziona moja moja. Galaksi ndogo ikipita karibu na lile jitu la katikati, galaksi NGC 1275, mvutano huinyofoa nyota kidogo kidogo. Galaksi nyingine husambaratika kabisa. Nyota hizo hubaki zikielea kati ya galaksi, hazina mwenyewe.

Mwanaastronomia Fritz Zwicky aliutaja mwanga wa namna hii mwaka 1951, katika kundi jingine la galaksi, Coma. Kazi ni kuupima: ni hafifu mno kuliko hata usiku wa giza totoro hapa duniani. Darubini ya Euclid iko angani, nje ya hewa ya dunia, kwa hiyo imesaidia mno. Mwaka 2024 watafiti walikadiria Perseus ina nyota yatima trilioni 1.5!

Halo ya jitu, yaani nyota zake za pembezoni, inaishia wapi na yatima wanaanzia wapi? Hapo hata wanaastronomia wanabishana.