Jibu: Vorikonazoli na kaspofunjini, majibu yanabadilika kila kipimo kikirudiwa

Habari ndugu. Unasema ulipopima dawa hizi mbili za kuvu kwa pamoja, faharisi ya FIC (kwa kila dawa, kiwango kinachotosha zikiwa pamoja hugawanywa kwa kile kinachotosha ikiwa peke yake, kisha majibu mawili hujumlishwa; ikiwa ndogo, dawa zinasaidiana) dhidi ya ukungu wa Aspergillus fumigatus ilikuwa 0.375, na uliporudia ikawa 0.75.

Anza na usomaji wa kaspofunjini: dawa hii haizuii ukungu huu kabisa, bali huacha vishada vifupi vilivyoshikana, ambavyo hutambulika vizuri kwa hadubini, hivyo ukisubiri kisima (kitundu cha sahani ya kipimo) kiwe angavu utaandika namba ya kubahatisha. Hakikisha pia idadi ya spora, kwa kuzihesabu, si kwa kukadiria uchafu wa maji.

Hata hivyo, kwa kuwa viwango vya dawa hupanda maradufu kutoka kisima hadi kisima, kila dawa ikisogea kisima kimoja tu, sehemu zao za 0.25 na 0.125 (jumla 0.375) huwa 0.5 na 0.25 (jumla 0.75), na tofauti yako yote imeelezeka hapo. Mimi husema dawa zinasaidiana pale tu faharisi ya marudio yote isipozidi 0.5.