Usibebe ratiba yote ya bondia wa kulipwa

Ndugu, umeuliza kama uige ratiba ya bondia wa kulipwa, mbio alfajiri na ngumi jioni siku sita kwa wiki, ilhali hujawahi kuvaa glavu. Usiichukue yote. Yule anajiandaa kwa raundi 12 na mwili wake umezoea kwa miaka. Anza siku tatu kwa wiki: ruka kamba raundi tatu za dakika 3, pumzika dakika 1 kila raundi, kisha gunia la kupigia ngumi.

Kwenye gunia ndipo wengi tunaumia. Funga bandeji mpaka kifundo cha mkono kisicheze, piga polepole, ngumi itue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Mimi nilipiga kwa pupa wiki ya pili, mkono ukateguka, nikakaa mwezi mzima siwezi kuinua ndoo. Kupigana na mwenzako ulingoni, subiri kocha akuruhusu.